Mradi wa Magazeti ya Zamani: Skana Iwe Kitu cha Mwisho Kununua

Ukitaka kujua kama mradi wa kuweka magazeti ya zamani kwenye kompyuta utafika mahali au utafia njiani, angalia ukurasa wa bajeti tu, mengine hata usisome. Kama mstari wa kwanza ni skana, wa pili ni skana ya akiba, wa tatu ni kompyuta za kuendesha hizo skana, mimi nakuambia mapema, picha zitapigwa, hafla itafanyika, mgeni rasmi atakata utepe na soda zitanywewa, halafu baada ya miaka mitatu utakuta diski zimefungiwa kabatini na hakuna mtu anayejua ndani kuna toleo gani na lipi halipo.

Nasema hivi kwa sababu mazungumzo ya hii kitu yanarudi rudi sana hapa Kampala siku hizi, kila chuo kina andiko la mradi, kila mtu ameona wenzetu wa nje wanavyofungua gazeti la miaka mia iliyopita kwenye simu, na sisi tunataka. Sawa kabisa, hata mimi nataka. Ila tunaanzia mkiani. Kazi ya mwaka wa kwanza inatakiwa kuwa orodha, orodha peke yake, skana isiguswe, ikiwezekana isinunuliwe kabisa. Najua mfadhili hapendi kusikia hivyo, orodha haipigwi picha ikapendeza kwenye ripoti, lakini bila hiyo orodha unapiga picha karatasi tu, hujui unahifadhi nini.

Tuanze na mali yenyewe maana kuna vijana wanaodhani magazeti ya Uganda yalianza na New Vision na Monitor. Wamisionari wa CMS, wale Waprotestanti wa Kiingereza, walikuwa wanatoa Mengo Notes tangu 1900, mwaka 1907 wakatoa Ebifa mu Buganda kwa Kiganda, Wakatoliki nao hawakukubali kuachwa nyuma wakaja na Munno mwaka 1911, halafu Uganda Herald la wazungu likaanza 1912. Miaka ya 1920 ndiyo utamu wenyewe: Sekanyolya, ambalo Baganda waliokuwa wanafanya kazi Nairobi walilianzisha huko huko Nairobi, kisha Matalisi, Gambuze, Dobozi lya Buganda, magazeti ya watu weusi wenyewe wakigombana na machifu, na serikali, na mara nyingi wao kwa wao. Baada ya fujo za 1949 serikali ya kikoloni ikafungia magazeti kadhaa ya Kiganda. Kwa hiyo kabla hata hujafika Uhuru tayari una magazeti yaliyozaliwa, yaliyokufa, yaliyofungiwa, na moja ambalo asili yake si Uganda bali Kenya, sasa hilo Sekanyolya utalitafuta kwenye kabati la nchi gani?

Halafu kuna lile lililokuja kuwa la serikali. Uganda Argus lilianza 1955. Mwaka 1972 Amin akalifanya Voice of Uganda. Alipoondolewa 1979 likawa Uganda Times. Museveni alipoingia, 1986 hiyo hiyo ikaja New Vision ikachukua nafasi. Msomaji wa kawaida anayaona magazeti manne, mtu wa maktaba anaona mstari mmoja uliobadilishwa jina kadiri watawala walivyobadilika, na ukiyaorodhesha kama vitu vinne visivyojuana basi mtafiti anayefuatilia jambo kutoka 1971 mpaka 1980 atafika kwenye ukuta mara mbili. Hili ni jambo la kuamua mezani kabla ya kazi, kwa kalamu na karatasi, skana haiwezi kukusaidia hapo.

Sasa orodha ninayoisema si ile ya "Argus, 1955 hadi 1972, majalada 40, hali nzuri". Hiyo ndiyo tuliyo nayo sehemu nyingi na ndiyo inayotudanganya. Namaanisha toleo kwa toleo. Unafungua jalada la, tuseme, Oktoba 1962, unaandika tarehe iliyochapwa, namba ya toleo iliyochapwa, idadi ya kurasa zilizotakiwa kuwepo, idadi zilizopo. Unaandika kama namba ya toleo imerudiwa, maana wachapaji walikuwa wanachoka kama sisi, utakuta Jumanne na Jumatano zina namba moja, au tarehe ya ukurasa wa kwanza ni ya leo na ya ndani ni ya jana. Unaandika kama kuna kiambatisho cha Uhuru kilichoingizwa katikati ambacho hakina namba ya ukurasa. Halafu unakuja kwenye majeraha: kona iliyoliwa na mchwa, mstari wa sellotape wa mtu aliyejaribu kusaidia na gundi yake imegeuka kahawia ikala herufi, na yale mashimo ya mraba, safi, yaliyokatwa kwa wembe. Kila aliyewahi kukaa na majalada haya anayajua hayo mashimo. Msomaji fulani alitaka picha ya timu ya mpira, au tangazo la kifo cha babu yake, au jina lake kwenye matokeo ya mtihani, akaangalia kushoto na kulia, akakata, na nyuma ya picha ya mpira kulikuwa na nusu ya habari ya bunge.

Kuna pia shida ya jalada lenyewe. Zamani walikuwa wanashona matoleo ya miezi miwili mitatu pamoja, wanashona kwa nguvu, na safu ya ndani kabisa ya kila ukurasa inamezwa na mshono. Ukilaza jalada chini ya kamera unapata safu saba na nusu badala ya nane. Hapo una njia mbili, ukate mshono ulaze kurasa moja moja upate maandishi yote, au usikate ukubali kupoteza. Watu wa maktaba wanapaniki ukitaja kukata, na wana haki kidogo, maana karatasi ya gazeti imetengenezwa zaidi kwa mbao zilizosagwa, ina asidi ndani yake yenyewe, inakula mwili wake, ya miaka sitini ukiikunja inavunjika kama chapati iliyolala siku tatu. Ukikata hurudishi. Mimi msimamo wangu ni ukate pale tu ambapo umeshathibitisha kwamba safu ya ndani haisomeki na hakuna nakala nyingine popote duniani iliyo wazi zaidi. Na utathibitishaje? Tunarudi kwenye orodha, hakuna njia ya mkato.

Hiyo ya "popote duniani" siiweki kama pambo. Nakala zetu zimesambaa kweli kweli. Ziko Makerere, kwenye ile sehemu ya Africana, ya vitabu na nyaraka za Afrika, ziko Maktaba ya Taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2003, ziko kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali ambayo zamani ilikuwa chini kabisa ya jengo Entebbe na sasa ipo Wandegeya, ambayo kutoka Makerere unashuka mlima tu kwa miguu, hata boda huhitaji. Ziko kwenye maktaba za makanisa. Halafu nje: maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya magazeti ya ukanda wetu huu, na wale wa Center for Research Libraries kule Chicago wana mpango wa ushirika tangu 1963 unaopiga maikrofilamu, yaani picha ndogo ndogo kwenye utepe wa filamu, nyaraka na magazeti ya Afrika, na British Library nayo ina yake, ilifunga jengo lake la magazeti la Colindale mwaka 2013 ikahamishia mzigo Boston Spa. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukatumia miezi sita kupiga picha Argus yenye mashimo ya wembe wakati filamu ya toleo lile lile, ukurasa mzima haujaguswa, imelala kwenye kopo huko nje na kinachotakiwa ni barua.

Maikrofilamu pia ina faida ya haraka. Mashine ya kusoma filamu inakimbia yenyewe, fremu baada ya fremu, wakati karatasi inataka mikono miwili kugeuza kila ukurasa. Hasara yake ni kwamba filamu nyingi za magazeti ni nyeusi na nyeupe kali sana, maandishi yanasomeka vizuri lakini picha zinakuwa madoa, sura ya waziri inakuwa kama kivuli. Basi orodha inaongezewa safu moja: toleo hili tuchukue kutoka filamu, hili kutoka karatasi, hili maandishi kutoka filamu na ukurasa wa picha kutoka karatasi. Ukifika hapo tayari umepunguza kazi kwa kiasi kikubwa na bado hujalipia skana hata shilingi.

Nipige hesabu kidogo hapa kwa wale wanaoniambia "lakini bwana, hifadhi ya data ni ghali". Tuchukue ukurasa mpana wa gazeti, inchi 15 kwa 22 hivi. Kipimo ambacho maktaba ya Bunge la Marekani imekiweka kwenye mpango wake wa kitaifa wa magazeti ni nukta 400 kwa inchi, rangi ya kijivu. Hiyo inakupa pikseli 6,000 kwa 8,800, karibu milioni 53, yaani faili la TIFF, ile picha kamili, la kama megabaiti 53 kabla hujabana chochote. Gazeti la kurasa 8, siku 300 kwa mwaka, ni kurasa 2,400, karibu gigabaiti 127 kwa mwaka. Miaka 17 ya Argus ni kurasa 40,800 na terabaiti mbili na kidogo. Weka nakala tatu sehemu tatu tofauti, hujafika terabaiti saba. Diski za kubeba hizo zinauzwa hapa hapa mjini na hata ukinunua zile nzuri si pesa ya kuvunja mradi. Watu ndio gharama. Nachukulia wawili wanaofanya kwa uangalifu wanapiga kurasa 300 kwa siku, hizo 40,800 ni siku 136 za kazi, vizuri, kama miezi saba. Lakini mtu wa kukagua kila picha kama imekatwa, imepinda, ina ukungu, na mtu wa kuandika kila toleo ni la lini na lina nini, hao wanachukua muda mrefu kuliko wapiga picha, na kwenye maandiko mengi ya miradi ninayoyaona hao wamewekwa kama "wanafunzi wa kujitolea". Mwanafunzi wa kujitolea anaondoka mtihani ukikaribia. Siku hiyo ndiyo faili zinaanza kuitwa scan0001, scan0002, scan mpya, scan mpya kabisa.

Jina la faili linaonekana jambo dogo mpaka siku umepata faili elfu arobaini. Weka kanuni siku ya kwanza: kifupi cha gazeti, mwaka, mwezi, siku, ukurasa, kwa mpangilio huo huo daima, ARG_1962_10_09_01, kompyuta yenyewe itapanga, na ukurasa unaokosekana upewe jina pia na karatasi tupu inayosema haupo, ili mtu wa kesho asidhani umesahau.

Mfano wa mambo kufanyika vizuri tunao hapa hapa nyumbani na hatuutumii vya kutosha. Zile picha za wakati wa Amin zilizokutwa UBC, shirika la utangazaji la taifa, negativi kama 70,000, kazi ya kuzihamisha ilianza 2018 na mwaka uliofuata yakafanyika maonyesho Uganda Museum, watu wakapanga foleni kuangalia. Wengi wanasifia mashine na ushirikiano na vyuo vya nje. Mimi ninachokiona ni kwamba wale wapiga picha wa wizara ya habari enzi zile walikuwa wameweka negativi kwenye bahasha na kuandika juu tarehe na tukio. Yaani orodha ilikuwa imefanywa miaka arobaini kabla na watumishi wa serikali ambao hakuna aliyewashukuru. Mradi ukaenda mbio kwa sababu hiyo. Magazeti nayo yana tarehe juu, ndiyo, lakini tarehe haikwambii nini kimeng'olewa ndani.

Tukubaliane basi orodha imefanyika. Kipi kianze? Hapa najua nitagombana na watu. Kawaida watu wanachagua Argus kwanza kwa sababu ni Kiingereza, ina picha nzuri za Uhuru na programu za kompyuta zinaisoma bila shida. Mimi ningeiweka ya tatu. Gazeti la Kiingereza lilikuwa na wasomaji London, lilikuwa na ofisi za serikali zinazoweka nakala, nafasi yake ya kupatikana sehemu nyingine ni kubwa. Gazeti la Kiganda la mwaka 1927 ambalo mhariri wake ndiye mwandishi na ndiye mkusanya matangazo na ndiye anayelibeba, likipotea limepotea. Kwa hiyo ya Kiganda kwanza, Munno na Gambuze na ndugu zao. Ya pili Voice of Uganda, nitaeleza kwa nini. Halafu Argus.

Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna sababu yetu ya kutaka mpangilio huo. Gavana Gowers mwaka 1927 alileta pendekezo la kukuza Kiswahili shuleni na kwenye utawala, Baganda wakakataa, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, mwenyewe akaandika kupinga. Tunarudia hiyo habari kila siku kwenye mabishano ya Kiswahili, hasa tangu baraza la mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kiwe somo la lazima, lakini tunairudia kwa maneno ya wakubwa, gavana alisema, Kabaka alisema. Mwalimu wa kijijini Masaka alisema nini? Mfanyabiashara wa Jinja ambaye Kiswahili ndicho kilichokuwa kinamlisha? Kama waliandika barua kwa mhariri, ziko kwenye magazeti ya Kiganda ya miaka hiyo, hutazipata kwingine. Na Agosti 1973 Amin alipotangaza Kiswahili lugha ya taifa, mimi nataka kuona gazeti la kesho yake, ukurasa wa ndani, si hotuba, nataka kuona matangazo ya biashara yalibadilika lugha baada ya muda gani au hayakubadilika kabisa. Hayo ndiyo maswali ambayo hifadhi ya gazeti inayajibu na vitabu havijibu.

Kwa nini Voice of Uganda ya pili, nimeahidi. Ni gazeti la serikali, limejaa sifa za rais, ukilisoma ukurasa wa mbele tu utalitupa. Lakini utawala ule ulikuwa unatumia gazeti kuwatangaza watu. Mwaka 1975 iliundwa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, magendo, kuficha bidhaa, kuuza kwa bei ya juu, na adhabu ilifika hadi kupigwa risasi. Majina ya watu yalichapwa. Kuna familia ambazo hazijawahi kuona karatasi yoyote ya kesi ya baba yao, na mahali pekee jina lake lilipoandikwa panaweza kuwa safu moja ya gazeti kati ya habari ya sukari na habari ya mpira. Na upande wa pili wa hiyo sarafu ndio mgumu zaidi: siku ukiliweka hewani na kila jina likatafutika kwenye simu, mjukuu anayegombea udiwani atachapiwa "babu yako alikuwa mwizi wa magendo" na mtu asiyejua kwamba siku zile mama aliyeuza chumvi kidogo juu ya bei ya serikali naye aliitwa hivyo hivyo. Sisemi tufiche. Gazeti lilikuwa hadharani lilipochapwa na liendelee kuwa hadharani. Lakini kuweka ukurasa usomwe ni jambo moja na kuweka kila jina litafutike ni jambo lingine, na mradi unatakiwa uamue mapema, na kuandika kila ukurasa wa miaka hiyo maelezo mafupi kwamba hili lilikuwa gazeti la serikali na mashtaka haya yalitolewa na mahakama za kijeshi. Mwaka 1973 padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa. Anayefungua gazeti la serikali la mwaka huo ajue ni mazingira gani lilikuwa linachapwa.

Tuje kwenye kompyuta kusoma maandishi, hii OCR. Wauzaji wanasema imeshakuwa rahisi. Kwa Kiingereza kilichochapwa vizuri, kweli. Kwa Kiganda cha zamani si hivyo. Kuna ile herufi ŋ, kompyuta inaisoma n, au g, au alama ya ajabu. Tahajia nayo ilikuwa haijatulia, baraza la Buganda maandishi ya zamani yanaliita Lukiko na ya sasa Lukiiko, ukitafuta ya sasa hupati ya zamani na utadhani baraza halikukaa mwaka mzima. Dawa yake si ngumu, unatengeneza jedwali la tahajia za zamani na za sasa, sanduku la kutafutia linatafuta zote kwa pamoja, lakini lazima mtu anayekijua Kiganda cha enzi hizo akae atengeneze, na huyo mtu ni mzee aliyestaafu ualimu, si fundi wa kompyuta. Waaustralia kwenye Trove, tovuti ya maktaba yao ya taifa, waliwaachia wasomaji wenyewe warekebishe makosa ya kompyuta mstari kwa mstari, na watu wanafanya, bure, kwa mapenzi. Hapa kwetu nawaona wazee wengi ambao wangefurahi kazi hiyo kama ukurasa unafunguka kwenye simu ya kawaida na hauli bando.

Jambo moja ninaloliogopa zaidi ya ŋ ni hizi programu mpya za akili bandia zinazosoma picha. Ni nzuri, nimeziona, zinasoma hata pale jicho langu linashindwa. Tatizo ni pale pasiposomeka kabisa. Programu ya zamani inaweka takataka, x7%rn, unaona wazi hapa imeshindwa. Hii mpya inajaza sentensi laini yenye sarufi safi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika, na kwenye gazeti lenye majina ya washtakiwa au tangazo la hati ya shamba iliyopotea, jina lililobuniwa ni hatari. Kwa hiyo picha ya ukurasa ikae daima pembeni ya maandishi, na maandishi yaandikwe yamesomwa na nini na lini.

Hakimiliki nitapita haraka maana watu wanaitumia kama kisingizio cha kutoanza. Sheria ya 2006 ilivyoandikwa iliweka miaka 50 tangu kuchapishwa kwa kazi inayomilikiwa na taasisi. Kabla ya uhuru na miaka ya mwanzo baada yake hauna mgogoro mkubwa hapo. Miaka ya 1980 kuja huku ndiyo unahitaji kukaa na wenyewe, na wenyewe wanajulikana, hawako mbali.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anabaki na faili kubwa, zile TIFF, si zile ndogo za kuangalia. Wafadhili wa nje mara nyingi wanatoa vifaa, wanalipa vijana, mwisho wanachukua nakala kamili kwao na kwetu wanaacha "nakala ya matumizi". Baadaye unaweza kukuta gazeti la bibi yako liko kwenye mkusanyiko unaouzwa kwa usajili kwa vyuo vikuu vya ulaya na mwanafunzi wa Gulu hawezi kulifungua. Mkataba useme kabisa: faili kubwa zinabaki Uganda, sehemu mbili, tofauti za umiliki na tofauti za jengo. Tuliona Septemba 2020 jengo kuu la Makerere linawaka usiku, paa zima, na nyaraka zikaenda. Nakala moja Makerere na ya pili Makerere ghorofa nyingine si nakala mbili. Weka moja mlimani Makerere, moja Wandegeya au Fort Portal, ambako chuo cha Mountains of the Moon kimeshapata uzoefu wa kweli kwa kuhamisha nyaraka za wilaya ya Kabarole, wanajua vumbi ni nini.

Na kuna nakala ambazo hakuna orodha ya taasisi itakayoziona, zile za majumbani. Bombo, Mengo, Arua, Mbale, kuna masanduku ya mzee aliyekuwa karani au katekista, na mzee akifa watoto wanagawana shamba na karatasi zinauzwa kwa kilo sokoni kufungia karanga. Kabla ya skana kununuliwa ningetenga pesa ya matangazo ya redio, kwa Kiganda, Kiswahili, Lugbara, Ateso, miezi mitatu mfululizo, yakisema tunatafuta matoleo haya na haya, tarehe hizi na hizi, hatuyachukui, tunayapiga picha tukiwa sebuleni kwako na kukuachia. Lakini ili usome hizo tarehe kwenye redio lazima uwe unazijua, na hapo ndipo orodha yenye mashimo inakuwa na thamani kuliko mashine yoyote, maana inakwambia cha kuulizia: Gambuze za miezi fulani hazipo popote, nani anazo?

Bajeti yangu basi, kwa anayeandika andiko sasa hivi: mwaka wa kwanza wahakiki wanne wenye mishahara na mkataba, meza pana, taa (glavu hazihitajiki kabisa, mikono safi inatosha), barua za Chicago na London na Nairobi, mzee wa tahajia, na redio. Skana ya kukodi mwaka wa pili. Mfadhili akikataa kwa sababu hakuna cha kuonyesha, mpelekee orodha ya matoleo yaliyopotea ya gazeti moja tu, mwambie achague mwezi anaotaka tuutafute kwanza.